Sarafu za Kripto na Faragha ya Mtandaoni: Namna ya Kuzitumia Bila Kujianika

Mtu anayelipia kwa kadi ya benki huduma ya VPN, inayopitisha mawasiliano yake ya mtandaoni kwenye njia iliyofichwa, akitaka watu wasijue anatembelea tovuti zipi, anakuwa tayari ameacha jina lake kamili, tarehe na kiasi alicholipa katika kumbukumbu za benki yake, za kampuni ya kadi na za huyo huyo anayemuuzia faragha. Tangu hapo, yeyote awezaye kuzisoma kumbukumbu hizo, awe karani, mdukuzi, mwenzi wa ndoa anayepokea taarifa ya akaunti ya pamoja au askari mwenye hati ya mahakama, anaweza kujua kwamba huduma ile ni yake. Ni katika pengo hilo la malipo, na kwa maoni yangu ni humo peke yake, ambamo sarafu za kripto, yaani fedha za kidijitali zisizopitia benki, zina kazi halali ya kufanya katika faragha ya mtandaoni. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua kama pengo hilo unalo, na kama unalo, namna ya kuliziba bila kujifungulia jingine lililo pana zaidi.

Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu anayetumia kripto bila kuielewa huishia kuwa wazi kuliko alivyokuwa akitumia kadi. Benki huonyesha miamala yako kwa watu wachache. Daftari la bitcoin, sarafu ya kripto inayojulikana kuliko zote, huionyesha kwa dunia nzima, na halifutiki.

Kwanza: nani asijue nini?

Kabla ya kupakua programu yoyote, chukua karatasi uandike mambo matatu: ni nani hutaki ajue, ni jambo gani hasa hutaki alijue, na ni kwa njia gani angeweza kulijua. Zoezi hili huonekana dogo, lakini ndilo linaloamua yote yanayofuata, kwa kuwa njia inayomzuia mmoja yaweza kumfungulia mwingine.

Mchukue mwanamke anayepanga kumwacha mume mkatili, ambaye anataka kulipia ushauri wa kisheria mtandaoni huku mume akiiona taarifa ya akaunti yao kila mwezi. Kwake kripto si jibu. Akinunua sarafu kwa kadi ile ile, jina la soko la kripto, yaani kampuni inayouza na kununua sarafu hizo, litajitokeza kwenye taarifa ya benki na kuzua maswali makali pengine kuliko jina la wakili. Kinachomfaa ni fedha taslimu, au kadi ya malipo ya kabla iliyonunuliwa kwa fedha taslimu, pamoja na kifaa ambacho mume hakigusi. Mchukue sasa mwandishi wa habari anayekodi seva, yaani kompyuta ya mtandaoni, ya kupokelea nyaraka kutoka kwa watoa taarifa. Yeye haogopi benki yake ijue kwamba ana kripto. Anaogopa kwamba kampuni ya seva, ikidukuliwa au ikibanwa na wale anaowachunguza, itatoa jina lake. Huyo kripto inamfaa, kwa sababu inakata uzi mmoja mahususi, ule unaounganisha jina lake na akaunti ya seva.

Kati ya hao wawili wapo wengi ambao hofu yao ni ya kawaida kabisa: wafanyabiashara wa taarifa binafsi, kampuni za matangazo, wezi wa namba za kadi. Kwao faida ya kripto ni ndogo lakini ni ya kweli, kwani muuzaji ambaye hana namba ya kadi yako hawezi kuipoteza. Na mwisho kabisa yupo anayejificha dhidi ya dola yenye mahakama, polisi na wachambuzi wa kulipwa. Huyo asitegemee mwongozo wa jumla, ukiwemo huu. Anahitaji mshauri anayeijua hali yake kwa undani.

Je, malipo ndiyo kiungo dhaifu?

Swali la pili linaondoa matumizi mengi ambayo watu huyafikiria. Kama huduma inadai namba yako ya simu, jina lako halisi, anwani ya kupokelea mzigo au barua pepe unayoitumia kila siku, basi kuficha malipo ni kazi bure, kwa kuwa jina lako limeshaingia kwa mlango mwingine. Kripto hufaa pale tu ambapo huduma yenyewe haina haja ya kukujua: VPN, barua pepe, hifadhi ya mafaili, ukodishaji wa seva, usajili wa jina la tovuti pale msajili anaporuhusu, na michango kwa taasisi.

Mfano mzuri ni Mullvad, kampuni ya VPN ya Uswidi. Mteja hatoi barua pepe wala jina. Hupewa namba ya akaunti iliyozalishwa kwa bahati nasibu, na anaweza kulipa kwa kadi, kwa bitcoin, kwa Monero, sarafu ya kripto iliyobuniwa kwa ajili ya faragha, au hata kwa noti zilizotiwa ndani ya bahasha. Aprili 2023 polisi walifika ofisini kwao na hati ya upekuzi wakitafuta taarifa za wateja, na wakaondoka bila kitu, kwa kuwa taarifa hizo hazikuwapo. Angalia kilichomlinda mteja: si aina ya sarafu, ni uamuzi wa kampuni wa kutokusanya. Malipo yasiyo na jina yalikamilisha tu ulinzi ambao tayari ulikuwapo, na mteja aliyelipa kwa fedha taslimu alilindwa sawasawa na aliyelipa kwa Monero. Kwa hiyo chagua huduma kwanza, kisha ndipo ufikirie malipo. Anayefanya kinyume chake hutumia nguvu nyingi kuficha kitu ambacho huduma yake inakiandika upya kila siku.

Michango nayo inahitaji neno lake. Desemba 2010 kampuni za Visa, Mastercard na PayPal zilisitisha kupitisha michango iliyokuwa ikipelekwa WikiLeaks, taasisi inayochapisha nyaraka za siri, pasipo hukumu ya mahakama kuzitaka zifanye hivyo, na Juni 2011 taasisi hiyo ikaanza kupokea bitcoin. Kwa jinsi yoyote utakavyoihukumu WikiLeaks, tukio lile lilionyesha kwamba kampuni chache za malipo zinaweza kuamua nani asaidiwe na nani asisaidiwe. Lakini hilo lilikuwa suala la kuzuiwa, na si la faragha, na watu wengi huyachanganya mawili hayo. Bitcoin hufaulu vizuri katika la kwanza: ni vigumu kuizuia isifike. Katika la pili hufaulu vibaya, kama tutakavyoona sasa.

Elewa daftari kabla ya kuweka senti

Andiko la bitcoin lilitolewa tarehe 31 Oktoba 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wenyewe ulianza tarehe 3 Januari 2009. Tangu siku hiyo kila muamala umeandikwa katika daftari la umma liitwalo blokicheni, ambalo yeyote anaweza kulipakua na kulisoma lote. Daftari halina majina. Lina anwani, yaani mifuatano mirefu ya herufi na namba. Kwa hiyo kinachotolewa na bitcoin ni jina bandia, na jina bandia linadumu mpaka siku mtu atakapolifunganisha na wewe mara moja tu. Siku hiyo halifunuki jambo moja, bali yote yaliyowahi kufanywa chini yake.

Andiko lenyewe lililijua tatizo hili. Lilishauri kila muamala utumie jozi mpya ya funguo, yaani anwani mpya, na likakiri waziwazi kwamba muunganiko fulani haukwepeki, kwa kuwa muamala unaokusanya sarafu kutoka anwani kadhaa hufichua kwamba anwani hizo zote zina mwenyewe mmoja. Hapa ndipo kiini cha uchambuzi wote wa daftari, na inafaa kutulia hapa kidogo.

Pochi ya bitcoin, yaani programu ya kutunzia na kutumia sarafu, haina salio moja kama akaunti ya benki. Ina vipande vya sarafu vya ukubwa tofauti, kila kimoja kikiwa na historia yake, kama mtu aliyebeba noti na sarafu mbalimbali mfukoni. Ukitaka kulipa kiasi kinachozidi kipande chochote ulichonacho, pochi huunganisha vipande viwili au vitatu, na msomaji wa daftari anajua papo hapo kwamba vyote ni vya mtu mmoja. Ukilipa kiasi kilicho pungufu ya kipande, pochi hukurudishia chenji kwenye anwani mpya iliyo yako, na mara nyingi mchambuzi anaweza kukisia ni upande upi wa muamala uliokuwa malipo na upi ulikuwa chenji. Kwa kanuni hizo mbili, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao walifanya mamia ya miamala yao wenyewe na masoko na huduma mbalimbali, wakapata anwani za huduma hizo, kisha wakaweka alama kwenye makundi makubwa ya anwani yaliyoungana nazo. Mwaka uliofuata ilianzishwa kampuni ya Chainalysis, ambayo huuza uchambuzi wa namna hiyo kwa polisi, benki na masoko ya kripto, na leo haiko peke yake katika biashara hiyo.

Daftari halina haraka. Agosti 2016 soko la Bitfinex liliibiwa bitcoin zinazokaribia 120,000, na Februari 2022, miaka zaidi ya mitano baadaye, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuzikamata zaidi ya 94,000 kati ya hizo, baada ya wachunguzi kufuata mtiririko wake hatua kwa hatua. Wezi wale hawastahili huruma. Lakini daftari halitofautishi mwizi na mwema: mchango uliotoa ukiwa mwanafunzi, au usajili wa huduma ya afya uliolipia katika kipindi kigumu, utasomwa na zana za miaka ijayo ambazo leo hazijatengenezwa.

Kuna uvujaji mwingine ambao wageni wa kripto hawautarajii. Ukimlipa muuzaji kutoka anwani iliyo na akiba yako, muuzaji anaweza kufungua daftari na kuona kiasi gani kilikuwa katika kipande ulichotumia na chenji iliyorudi ni kiasi gani. Kadi ya benki haimwonyeshi muuzaji salio lako. Bitcoin ikitumiwa ovyo humwonyesha. Katika Ethereum, mtandao mwingine mkubwa wa kripto, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kawaida mtu hutumia anwani moja kwa kila kitu, na wapo wanaoiambatanisha kwa hiari na jina linalosomeka. Sarafu thabiti kama USDT na USDC, ambazo thamani yake hufungwa kwenye dola, hurithi uwazi huo huo, na juu yake mtoaji wake ana uwezo wa kuzifungia anwani asizozitaka.

Kuchagua chombo

Wazo la fedha ya kielektroniki yenye faragha halikuletwa na wahalifu wala na bitcoin. Mwaka 1982 mtaalamu wa usimbaji David Chaum alipendekeza saini pofu, mbinu inayoiwezesha benki kuthibitisha kwamba sarafu ni halali bila kujua nani ameitumia wapi. Kampuni yake, DigiCash, ilianzishwa mwaka 1989 na kufilisika mwaka 1998. Naikumbusha historia hii kwa sababu swali la uhalali huulizwa kana kwamba kutaka kulipa bila kuandikwa ni shaka tosha, ilhali kila anayelipa kwa noti hufanya hivyo na hakuna anayemtilia shaka.

Kwa malipo ya faragha ya leo, chaguo langu la kwanza si kripto. Kama huduma inapokea fedha taslimu, au inauza vocha ambayo waweza kuinunua kwa fedha taslimu, tumia hiyo. Haina daftari, haina ada ya mtandao, na haipandi wala kushuka thamani kati ya asubuhi na jioni.

Isipowezekana, Monero ndiyo sarafu iliyotengenezwa kwa kazi hii. Ilianza Aprili 2014, na huficha mambo matatu kwa pamoja na bila mtumiaji kuombwa kuchagua. Anayelipa hufichwa ndani ya kundi, ambapo tangu Agosti 2022 kila sarafu inayotumiwa huonekana katikati ya nyingine 15 za kupoteza lengo. Anayelipwa hufichwa kwa kupewa anwani ya mara moja kwa kila muamala, hata kama ametangaza anwani moja hadharani. Na kiasi kimekuwa kikifichwa tangu mwaka 2017. Ubora wake mkubwa, kwa mtazamo wangu, uko katika hilo la kutoomba kuchagua: faragha inayotegemea mtu kukumbuka kubofya kitufe huwaacha nje wale wanaoihitaji zaidi. Udhaifu wake upo pia. Ulinzi wa kundi ni wa uwezekano, hivyo mwenendo unaojirudia hupunguza nguvu yake, na haulindi chochote kilichoko nje ya daftari, kama anwani yako ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti, au kumbukumbu za soko ulikonunua.

Zcash, iliyoanza Oktoba 2016, ina hisabati yenye nguvu zaidi: uthibitisho usiofichua siri, unaoonyesha kwamba muamala ni halali bila kutaja nani, kwa nani na kiasi gani. Tatizo lake ni kwamba ina anwani za wazi na anwani zilizokingwa, na anayeingiza kiasi fulani upande uliokingwa na kukitoa kile kile muda mfupi baadaye amejifichua mwenyewe. Ukiitumia, hakikisha pochi yako inaanzia na kuishia upande uliokingwa. Mtandao wa Lightning, unaosafirisha bitcoin nje ya daftari kuu, humficha anayelipa vizuri kuliko anayelipwa, na unafaa kwa malipo madogo.

Huduma za kuchanganya sarafu, zinazokusanya sarafu za watu wengi na kuzigawa upya ili zilikotoka pasijulikane, nashauri uziache. Ukiweka fedha zako safi humo, zinaweza kutoka zikiwa na harufu ya fedha za wizi, na soko litakalozipokea baadaye laweza kuifunga akaunti yako. Hali yake kisheria pia haitulii: Agosti 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliiwekea vikwazo Tornado Cash, mojawapo ya huduma hizo, ikaviondoa Machi 2025 baada ya mahakama ya rufaa kuvipinga, na Aprili 2024 waanzilishi wa pochi ya Samourai iliyokuwa na huduma ya kuchanganya walikamatwa. Mtu anayetaka tu kulipia barua pepe kwa utulivu hana sababu ya kuingia katika mvutano huo.

Sheria ya mahali ulipo

Isome kabla ya kununua. China ilipiga marufuku biashara ya kripto Septemba 2021. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyopitishwa mwaka 2024 itawazuia watoa huduma za kripto kushughulika na sarafu za faragha kuanzia Julai 2027, ingawa haimkatazi mtu kuwa nazo katika pochi yake. Soko la Binance liliiondoa Monero Februari 2024. Kama sheria inakutaka utangaze faida kwa mamlaka ya kodi, weka kumbukumbu zako za tarehe, kiasi na bei, uzitangaze. Hakuna mgongano hapo, kwa kuwa faragha ni mamlaka ya kuamua nani ajue nini. Kumwambia mkusanya kodi kile ambacho sheria inamruhusu kukijua hakumpi muuzaji wa matangazo haki ya kukijua.

Kutayarisha pochi

Tengeneza pochi mpya kwa ajili ya malipo ya faragha, isiyogusana na pochi yoyote ya akiba au ya biashara. Kwa Monero ipo pochi rasmi ya mradi wenyewe na ipo Feather; kwa bitcoin, Sparrow ina faida ya kukuonyesha kila kipande cha sarafu na kukuacha uchague kipi kitumike. Ipakue kutoka tovuti ya mradi, wala usiitafute kwa kubofya tangazo, kisha uhakiki saini na alama zake za uhakiki, yaani ule mfuatano mrefu unaochapishwa pamoja na programu. Najua wengi huiruka hatua hii kwa kuiona ni ya wataalamu. Novemba 2019 tovuti rasmi ya Monero ilidukuliwa na kwa muda ikatoa programu ya pochi iliyotiwa msimbo wa kuiba fedha, na tukio hilo liligunduliwa kwa sababu mtumiaji mmoja alilinganisha alama hizo akakuta hazifanani. Ukilinganisha, unajikinga wewe na huenda ukawakinga wengine.

Pochi itakupa maneno ya kurejesha, kwa kawaida 12 au 24 kwa bitcoin na 25 kwa pochi rasmi ya Monero. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, uyahifadhi mahali pawili. Usiyapige picha, kwa kuwa simu nyingi hupeleka picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni bila kukuuliza, na usimpe mtu yeyote, hata ajiite fundi wa msaada wa pochi hiyo. Anayeyajua maneno hayo ndiye mwenye fedha.

Kisha amua pochi yako itazungumza na seva ya nani. Pochi nyepesi huuliza salio kwa seva ya watu wengine, na katika kuuliza huko humpa mwenye seva orodha ya anwani zako zote za bitcoin kwa pamoja, zikiambatana na anwani yako ya IP. Huu ni uvujaji mkubwa ambao hauonekani kwenye skrini. Dawa bora ni kuendesha nodi yako mwenyewe, inayopakua daftari na kujibu maswali ya pochi yako nyumbani. Usipoweza, iamuru pochi ipitie mtandao wa Tor, unaopitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa kuficha yanakotoka, ili mwenye seva asijue walau unatoka wapi. Kwa Monero, nodi ya mbali haioni salio lako, lakini inaweza kuona IP yako na wakati ulipotuma, kwa hiyo Tor inahitajika vile vile.

Kupata sarafu

Hapa ndipo mipango mingi huvunjikia. Soko lenye leseni litakuomba kitambulisho, na litaandika kiasi ulichonunua na anwani uliyokitoa kwenda. Tangu mwaka 2019, kikosi kazi cha kimataifa dhidi ya utakatishaji fedha, kinachojulikana kwa kifupi kama FATF, kimezitaka nchi kuyalazimisha masoko kupelekeana taarifa za mtumaji na mpokeaji kwa miamala inayovuka kiwango fulani. Kununua kwa njia hii ni halali na mara nyingi ndiyo njia salama, ila ujue inatoa nini: soko litajua kwamba una kripto. Ukitoa bitcoin, litaweza pia kufuatilia ulikoipeleka. Ukitoa Monero, litajua uliitoa kiasi gani na lini, lakini si ulikoitumia baadaye.

Kwa sababu hiyo, usiwaachie wasomaji wa kumbukumbu uzi wa kiasi na wakati. Kama huduma inagharimu dola 60, usitoe dola 60 na kuilipia dakika kumi baadaye. Toa kiasi kingine kabisa, kikubwa zaidi, ukikae nacho siku kadhaa, kisha ulipe kutoka humo. Njia nyingine nzuri ni kulipwa kwa kripto kwa kazi uliyoifanya, kwa kuwa hapo hakuna soko katikati. Kununua au kuuza ana kwa ana kuna hatari zake: unaweza kuibiwa, au ukiuza, ukalipwa kwa fedha ambazo benki itazidai zirudi kwa mwenyewe.

Kujulikana tu kwamba una kripto ni hatari ya pekee. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa kampuni ya Ledger, inayotengeneza pochi za kifaa, zilivuja, na miezi michache baadaye majina, anwani za nyumbani na namba za simu za watu wapatao 270,000 zilimwagwa hadharani, zikafuatiwa na ulaghai na vitisho. Ukinunua kifaa cha namna hiyo, usikiagize kifike mlangoni kwako kama kuna kituo cha kuchukulia mizigo.

Kulipa

Fungua akaunti ya huduma kupitia kivinjari cha Tor, kwa barua pepe mpya isiyofanana na majina yako mengine, kama barua pepe inahitajika kabisa, na usiwe umeingia kwenye akaunti yako yoyote kwa wakati huo. Akaunti iliyofunguliwa kutoka IP ya nyumbani haiponywi na malipo ya siri.

Ukipewa anwani ya kulipia, inakili kisha uilinganishe yote, si herufi nne za mwanzo na nne za mwisho tu, kwa kuwa kuna programu haribifu zinazobadili anwani uliyoinakili na kuweka ya mwizi, na baadhi hutafuta anwani iliyofanana mwanzo na mwisho. Angalia muda wa ankara, kwani nyingi huisha baada ya dakika chache kwa sababu ya kuyumba kwa bei. Muamala wa kripto haurudishwi na mtu yeyote, kwa hiyo kwa huduma ambayo hujawahi kuitumia lipia mwezi mmoja kwanza. Baada ya kuiamini, napendelea kulipia kipindi kirefu kwa mkupuo, kwa kuwa malipo 12 kwa mwaka ni alama 12 za wakati, na malipo moja ni alama moja.

Kama sarafu uliyonayo ni bitcoin na huna budi kuitumia, chagua kwa mkono kipande kinachokaribiana na bei ili chenji iwe ndogo au isiwepo. Chenji inayobaki iwekee alama ndani ya pochi, na kamwe usiiunganishe na sarafu zilizotoka kwenye soko lenye kitambulisho chako. Muunganiko mmoja wa namna hiyo, hata wa mwaka kesho kutwa, hurudi nyuma na kuyafunganisha malipo yote na jina lako.

Anayepokea michango ana wajibu wa ziada kwa wanaomsaidia. Kubandika anwani moja ya bitcoin kwenye wasifu wako ni kuwaonyesha wote mapato yako, na kuwaweka wachangiaji wako kwenye orodha ambayo hawakuiomba. Tumia programu huria kama BTCPay Server, inayotoa anwani mpya kwa kila mchangiaji, au weka anwani ya Monero.

Baada ya kulipa utatamani kuhakikisha kwamba fedha zimefika, na wengi huinakili anwani ile na kuitafuta kwenye tovuti ya kusomea daftari, kwa kivinjari chao cha kila siku. Tovuti hiyo sasa ina anwani yako ya IP, anwani ya malipo na dakika uliyoiulizia, na watu wenye sababu ya kuuliza kuhusu muamala uliofanyika muda mfupi uliopita ni wachache sana. Subiri uthibitisho uonekane ndani ya pochi yenyewe, au uulize kupitia Tor, kisha ufunge.